Ramadhani, siku ya 12: Hasara ya sinia ni ya nani?

Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku ya 12. Tunamwomba azipokee zilizopita na atupe nguvu kwa zilizobaki.

Jana baada ya Alasiri nilisimama mlango wa msikiti nikaanza kuhesabu watoto wanaouza futari pale nje, kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kijiwe cha bajaji. Nilipofika 14 nikaacha, maana wengine walikuwa wakihama na masinia yao, nikawa nahesabu mmoja mara mbili. Bagia, kachori, kaimati, vitumbua, mihogo ya kukaanga, juisi ya ukwaju kwenye chupa za maji. Zaidi ya nusu yao ni wanafunzi wangu wa chuoni. Huku kwetu Tanga tumezoea, Ramadhani ndio msimu wao.

Na usiku wake mama mmoja akaniandikia. Anasema yeye na mumewe hawaelewani. Mume anasema kumtembeza mtoto na sinia ni kumwonea. Yeye anasema anamfundisha maisha. "Maalim, nani ana haki?"

Nimemwomba nimjibu hapa mbele ya wote, kwa sababu si nyumba yake peke yake yenye mgogoro huo. Na mimi badala ya jibu namrudishia swali: siku sinia linaporudi nyumbani lina upungufu, hasara ile ni ya nani? Nitaeleza kwa nini nauliza hivyo. Itakuwa ndefu kidogo leo, mnisamehe. Ukipenda isome nusu sasa, nusu baada ya futari.

Tuanze kwenye kitabu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu wale watoto mpaka wafike umri wa kuoa, na wakiona kwao akili ya kusimamia mali, basi wawakabidhi mali yao. Tazama mpangilio wake. Hakusema wawekeeni mali kabatini mpaka wakue, halafu siku moja muwape funguo. Kuna kazi ya kufanywa katikati, nayo ni kujaribu. Mtoto anashikishwa, anatazamwa, anashikishwa tena.

Wanavyuoni wakakaa wakauliza: mtoto anajaribiwa vipi? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wengi wa pwani wamekisomesha na kukisoma, anasema inategemea watu wake. Mtoto wa mfanyabiashara anajaribiwa kwa kununua na kuuza na kupatana bei. Wa mkulima anajaribiwa kwa kilimo na kwa kuwalipa wafanyakazi wa shamba. Wa fundi, kwa ufundi wa nyumba yao. Na mtoto wa kike naye ametajwa: anajaribiwa kwa mambo ya uzi na pamba, na kwa kukilinda chakula, paka asikile. (Nilipolisoma hilo la paka nikiwa kijana nilicheka. Leo nina binti watatu na paka wawili, silicheki tena.) Na anasema jaribio lirudiwe, mara mbili au zaidi, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati tu. Na wakati wake, kwa kauli yenye nguvu, ni kabla ya kubaleghe.

Kwa hiyo yule baba anayesema mtoto asiguse biashara kabisa mpaka amalize shule, namheshimu kwa huruma yake, lakini fiqhi yetu haiko naye. Mtoto anayekabidhiwa fedha kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20 anafanya makosa ya mtoto kwa fedha za mtu mzima. Tumewaona. Baba anakufa, duka linabaki, miaka miwili halipo.

Kuna jambo jingine katika riwaya ambalo hupenda sana kulisimulia. Jaafar bin Abi Talib alikufa shahidi katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, akaacha watoto wadogo, na mmoja wao ni Abdullah. Imepokewa kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimpita Abdullah bin Jaafar akiwa mdogo anauza vitu vyake kama watoto wanavyouza, akamwombea Mungu ambariki katika biashara yake. Hakumfukuza, na wala hakumhurumia kwa ile huruma yetu ya kumdhalilisha mtu. Alimwombea baraka kama anavyoombewa mfanyabiashara. Yule mtoto alikuja kuwa miongoni mwa watu wakarimu mno katika zama zake. Basi ukipita kwa mtoto mwenye sinia, jaribu na wewe dua hiyo. Haigharimu kitu.

Najua mtu wa fiqhi ataninyooshea kidole: "Maalim, si kwa Shafi mauziano ya mtoto hayasihi?" Kweli kabisa. Kwa madhehebu yetu mtoto anapatana bei, kisha akida yenyewe anaifunga walii wake. Madhehebu mengine yamemruhusu mtoto mwenye kupambanua auze kwa idhini ya mlezi, hasa katika vitu vidogo. Kwa hiyo futari uliyokula jana usiitapike. Lakini chukua ile maana iliyomo kwa Imamu wetu, kwa sababu ndiyo ninayoitaka leo: nyuma ya mtoto anayeuza lazima awepo mtu mzima anayebeba mzigo wa ile biashara. Mtoto anapatana, mkubwa ndiye anayewajibika. Na wafafanuzi wa Minhaj wakaongeza kwamba fedha aliyopewa yatima kwa ajili ya jaribio ikipotea mkononi mwake, walii hadaiwi. Yaani sheria inajua itapotea. Imeitia kwenye hesabu tangu mwanzo, kwamba kujifunza kuna kupoteza.

Sasa nije kwenye yale yaliyonifanya nilifikirie suala hili, maana sikulipata kitabuni.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikisomesha kwenye msikiti mwingine, si huu, na mtaa sitautaja. Mwenyewe mhusika sasa ni kijana mkubwa. Nimempigia simu asubuhi hii kumwomba ruhusa, akanipa kwa sharti moja, nitalitaja mbele.

Alikuwa na miaka 11. Anafunga zote. Kila siku baada ya Alasiri anatoka na sinia la bagia 80, bagia moja 100, kwa hiyo sinia zima ni shilingi 8,000. Amri ya nyumbani ilikuwa moja: zirudi 8,000, au zirudi bagia. Hakuna neno la tatu.

Siku moja tulimkuta kwenye kisanduku cha sadaka ya futari ana kijiti chenye bigijii kwenye ncha, anavuta noti. Ndugu zangu, nilipandisha sauti. Watu ndio wanaingia kwa ajili ya Isha. Nikamwita mwizi mbele yao, mtoto niliyemsomesha alifu kwa kijiti. Mzee mmoja wa pale, Mungu amrehemu, akaja taratibu, akamfungua kiganja, akahesabu. Shilingi 3,000. Akaniuliza mimi, hakumuuliza mtoto: "Ostadhi, kisandukuni mna noti ngapi?" Tukafungua. Zimejaa, na za elfu kumi mbili. Noti ya elfu kumi moja ilikuwa bado inanata bigijii kwa juu. Aliivuta, akairudisha.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikamuuliza. Kumbe jioni ile, giza limeanza, watu wamemzunguka wanawahi adhana, mteja mmoja alichukua bagia za 2,000 akatoa noti ya 2,000. Mtoto kwa haraka akadhani ni ya 5,000. Akamrudishia 3,000. Na yule mtu akapokea! Akaondoka na bagia za watu na fedha za watu, akaenda kufuturu. Mtoto akahesabu mara tatu chini ya taa ya msikiti, akaona pengo, akaogopa kurudi nyumbani.

Hakutaka fedha. Alitaka 8,000 itimie.

Katika Muwatta ya Imamu Malik imo hotuba ya Sayyidna Uthman bin Affan, khalifa wa tatu, anawaambia watu wasimlazimishe mtoto mdogo kuleta pato, kwa sababu asipolipata ataiba. Nilikuwa nimeisoma kabla ya siku ile, na nadhani niliwahi hata kuisomesha. Lakini niliichukulia kama nasaha ya tabia za watoto. Sikuielewa mpaka nilipoona kijiti kile. Uthman, ambaye alikuwa mfanyabiashara mkubwa na anaijua fedha, hakumlaumu mtoto, alizungumza na yule anayempa mtoto kiwango. Mtoto ukimwambia "nenda kauze," umempa kazi. Ukimwambia "usirudi bila 8,000," umempa deni. Na deni mtoto hana mahali pa kulilipia isipokuwa mahali pabaya.

Nikaenda kwa mama yake kesho yake, nimejaa maneno. Nilikuwa nimeshayapanga njiani. Nikakuta mwanamke anakanda unga wa dengu, macho mekundu kwa moshi, na pembeni karatasi ya mkopo. Ni ile mikopo tunayoiita kausha damu. Alichukua 100,000, anarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Pigeni hesabu wenyewe. Mkusanyaji anakuja kila jioni, anagonga, anasimama mlangoni majirani wanaona. Kwa hiyo na yeye mama alikuwa na mtu anayemwambia zirudi zote, hakuna neno la tatu. Aliyokuwa akiambiwa mlangoni ndiyo aliyokuwa akimwambia mwanawe. Maneno yangu yote yakaniishia.

Ndio maana simwambii mzazi yeyote hapa "acha kumtuma mtoto" halafu nikarudi kwenye zulia langu. Wengine sinia lile ndio kodi ya chumba. Ninachosema ni hiki: hasara ya sinia ni ya mwenye mtaji. Si ya mtoto. Ukiweza kulishika hilo moja tu, mengi yananyooka yenyewe.

Kwa mfano, hesabu. Kabla hajatoka, mhesabu pamoja, wewe na yeye, kwa sauti, na aandike mwenyewe kwenye daftari: bagia 80. Akirudi, mhesabu tena pamoja: zilizobaki, fedha iliyopo, pengo. Pengo likiwepo, lizungumzwe lilitokea wapi. Alikula? Mwambie mapema ana haki ya bagia ngapi, asiibe chake. Alikosea chenji? Kaa naye mcheze duka la kuigiza, wewe mteja, mpe noti ya 5,000, mpe ya 10,000, mbabaishe kidogo kama wateja wanavyombabaisha. Dakika kumi. Hiyo ndiyo ikhtibari aliyoizungumza Imamu Nawawi. Kumpa sinia na kumsubiri mlangoni na mkanda si ikhtibari.

Na mwambie gharama. Watoto wengi wanauza hata hawajui dengu kilo ni bei gani. Anaona 8,000 anadhani ni faida. Mchukue Jumamosi moja soko la Mgandini, anunue yeye unga, mafuta, vitunguu, pilipili. Arudi aandike. Akiona kwamba katika 8,000 kilichobaki mkononi ni kidogo tu, ataanza mwenyewe kuuliza maswali ya mfanyabiashara: mama, kwa nini tusinunue mafuta ya dumu? Mama, kwa nini tusiuze na chai? Siku akiuliza hivyo, jua kuna kitu kinaota.

Na mpe fungu lake. Hata 200 kwa siku, lakini ya kwake, iandikwe, aiweke. Mali ya mtoto katika dini ni mali yake, mzazi ni mlinzi tu. Mtoto anayefanya kazi Ramadhani nzima, Idi ikifika hana hata soksi aliyoinunua kwa jasho lake, amejifunza kwamba kazi ni adhabu.

Kuhusu umri na usiku nitasema kwa ufupi maana liko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu imeweka miaka 14 ndipo mtoto aweze kuajiriwa kazi nyepesi isiyomzuia shule, na imekataza asiajiriwe usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Usiniambie wako si mwajiriwa, anasaidia tu nyumbani. Gizani ni kule kule. Baada ya tarawehe sitaki kumwona mtoto na sinia nje ya msikiti huu, na mabinti ndio kabisa. Wasiingie nyumba za watu kupeleka oda, wasiende magereji, wasikatishe vichochoro. Akae barazani kwenu, meza ndogo, wewe ndani unamwona. Tumeshazika aibu nyingi sana mjini hapa kwa kuona haya kuyasema haya.

Na akichelewa kurudi kwa sababu alisimama kutazama mpira? Anas bin Malik alianza kumtumikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akiwa na miaka kama 10. Siku moja alitumwa, njiani akakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama. Ghafla akahisi mtu amemshika shingo kwa nyuma. Akageuka, ni Mtume mwenyewe, anacheka. Akamuuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema ndio ninakwenda. Basi, ikaisha hivyo. Na Anas mwenyewe anasimulia kwamba katika miaka 10 ya utumishi hakuwahi kuambiwa hata "ah!" Mimi sikuvumilia dakika mbili pale kisandukuni.

Shule sasa. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulisomeshwa utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1985, wa watoto wachuuzi katika mji wa Recife, Brazil. Watoto watano tu. Walipoulizwa hesabu palepale wanapouza, walipata asilimia 98. Wakapewa hesabu zile zile kwenye karatasi, wakapata kama asilimia 37. Niliwaona watoto wangu wa chuoni mle. Wapo ambao mwalimu wao wa shule ananiambia ni mabumunda wa hisabati, na mimi nimewaona wanarudisha chenji ya 10,000 kwa watu watatu kwa pamoja. Walimu mlio kwenye kundi hili, nawaomba, mtoto kama huyo muanzieni kwenye bagia, halafu ndio mumpeleke ubaoni. Na wazazi, msichukue habari hii mkasema "si mnaona, sinia linatosha." Halitoshi. Hesabu ya kichwani inamtosha kwa sinia moja. Akitaka masinia matano na vijana wa kumuuzia, atahitaji kalamu, daftari, kusoma mkataba, kujua karatasi ya mkopo inasema nini kabla hajatia sahihi. Mama wa kausha damu hakukosa bidii. Alikosa mtu wa kumpigia hesabu ya asilimia kabla hajachukua.

Tumebaki sisi wateja, na hapa nitawakera wengine.

Kuna watu wazima, wenye ndevu, wanaokaa barazani pale, wanachukua bagia kwa mtoto na kumwambia "nitakupa kesho." Kesho haifiki. Mtoto hawezi kumdai mtu mzima, ataonekana hana adabu. Anarudi nyumbani na pengo la 500, la 1,000, na hasara ile wewe hujui imemwangukia vipi. Kuna wanaopatana na mtoto wa miaka tisa kama wanapatana kiwanja. Kuna wanaorudishiwa chenji iliyozidi wakanyamaza. Suratul-Mutaffifin tunaisoma kwenye swala, tunadhani inawahusu wenye mizani ya chuma tu.

Yule kijana nilimuuliza asubuhi sharti lake ni lipi. Akasema: "Ostadhi, waambie nilizirudisha." Nikamuuliza, lini? Akasema mia mbili mbili, kila siku, kwenye kisanduku kile kile, mpaka ikatimia 3,000. Ilipita Idi, ikaingia Mfungo Mosi, yeye bado anarudisha, na mimi muda wote huo nikimtazama kwa jicho la pembeni kila akisogea kisandukuni. Sikujua. Basi nimewaambia.

Mama uliyeniuliza swali: mumeo ana haki kuwa na hofu, na wewe una haki kumfundisha. Njooni wote wawili baada ya tarawehe, mtoto akiwa nyumbani amelala.

Na kwa wote: nimezungumza na mweka hazina na wazee watatu kuhusu kuanzisha mfuko mdogo wa kukopesha bila riba, kwa ajili ya mama wa biashara za chakula wenye marejesho ya kila siku, ili Ramadhani hii wapate kupumua. Hadi sasa tuna 340,000. Mwenye uwezo amwone mweka hazina leo kabla ya Isha. Mwenye mkopo wa aina ile asione haya kuja, majina hayatasomwa.

Wenye madeni ya bagia, watoto watakuwepo pale nje kuanzia saa 10 na nusu. Langu nimelipa, lilikuwa 700.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.